Pale Cherehani Iliposimama

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yamepata nafuu tangu mvua zilipokatika. Huku hatujambo. Wifi yako amepona kikohozi na ameanza tena kugombana na fundi bomba, kwa hiyo najua nguvu zimemrudia. Mpwa wangu alinipigia wiki iliyopita kunieleza amepandishwa cheo huko kwenye shirika la umeme. Nilifurahi, nikamwambia amerithi bidii yako.

Nakuandikia kwa sababu simu yako huipokei. Sijui kama huko kwenu redio inashika vizuri, lakini tangu Desemba nimekuwa na kipindi kila Jumapili kuhusu ufundi wa kuandika. Wamenipa vipindi sita. Cha nne nilikipa jina "Pale cherehani iliposimama", na ndicho kilicholeta barua nyingi kuliko vyote.

Niliwaeleza wasikilizaji jinsi nilivyoandika riwaya yangu ya kwanza katika chumba chako cha kushonea. Wewe kwenye cherehani, mimi kwenye kigoda nyuma yako, kando ya meza ya kukatia, nikikusomea kila alasiri nilichoandika asubuhi. Hukuwahi kusema neno, lakini cherehani ilisema. Ilipokwenda mfululizo nilijua nimechosha, nikafuta. Iliposimama nilijua nimekushika, nikaacha ukurasa ukae. Kanuni hiyo nimeifuata miaka ishirini na miwili na vitabu tisa. Sasa vijana wanaiandika kwenye daftari zao: mtafute mtu mwenye kazi yake mikononi, msomee, utazame kama mikono itasimama.

Mchapishaji anataka kufanya vipindi hivi kuwa kitabu. Ana maombi mawili. La kwanza ni picha ya cherehani. La pili ni zile kurasa kumi na nne. Utazikumbuka. Ndiyo sura niliyoitupa kwenye kikapu chako cha vitambaa kabla ya kuweka mahali pake ile sura ya mwana anayemshika mama yake mkono, ambayo ndiyo iliyonipa jina. Siku niliyokusomea zile kumi na nne cherehani haikusimama hata mara moja, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mhariri anataka tuzichape mwisho wa kitabu ziwe mfano wa maandishi yaliyokufa, ili wanafunzi wajionee wenyewe. Najua wewe hutupi karatasi.

Nisalimie wote.

Mdogo wako



9 Machi

Kwako Bwana Baadaye,

Marahaba. Sisi wazima. Magoti hayajapata nafuu yoyote, mvua zikatike zisikatike, na ungejua hilo ungekuwa umeyaona hivi karibuni. Mwanangu kweli amepanda cheo. Bidii yake ni yake, sijamrithisha mimi. Ukuta wa nyuma umepasuka tena pale pale ulipoahidi kumleta mwashi, miaka mitatu iliyopita. Baadaye, ulisema. Mama alijua alichokuwa akifanya alipokupa jina hilo, maana kila ukitumwa jibu lilikuwa hilo moja.

Umepiga simu dukani mara tatu. Mara zote Mama Vifungo, huyu mwenzangu anayenisaidia kazi za matundu na vifungo, amekuambia nimetoka. Sikutoka. Nilikuwa nimekaa hapa hapa nikimwonyesha kwa mkono aseme hivyo.

Kipindi chako nilikisikia. Tulikuwa watano dukani, wateja watatu na sisi wawili, na nilikuwa na pini mdomoni, ndiyo maana hawakusikia nilichosema. Umeniita sikio la mtu wa kawaida lisiloharibiwa na vitabu. Mimi nimesoma vitabu vyako vyote tisa. Cha tano kilinishinda katikati, lakini nilikinunua. Tangu Jumapili ile sina raha. Mwalimu wa shule ya jirani amenijazia wanafunzi thelathini mlangoni kuja kuangalia cherehani, na mmoja wao, kibinti chenye adabu kabisa, akaniuliza kama ninaweza kuisimamisha kidogo waone inavyokuwa. Nikamwambia ikisimama sili.

Hebu nikusaidie na hicho kitabu chako. Ile sura ya ugomvi wa wenye maduka, uliyosema ilisimamisha cherehani ukurasa mzima. Sindano ilivunjika. Kipande kiliruka, na mwanangu wakati ule alikuwa anatambaa, nikawa nimepiga magoti chini ya meza nakitafuta asije akakikalia. Wewe uliendelea kusoma. Na yale maelezo marefu ya mto, yanayotolewa kila mwaka kwenye mtihani, eti eleza kwa nini mwandishi ameyarefusha. Uzi wa chini ulikuwa umeisha. Nilikuwa navingirisha mwingine kwenye bobini. Watoto wa watu wanafeli kwa sababu ya bobini yangu, na wewe unakaa redioni unajipiga kifua.

Iko alasiri moja ilisimama kwa sababu nyingine. Hiyo sikuandikii leo.

Kurasa zipo. Sikupi. Badala yake nina swali, na nimekaa nalo muda mrefu kuliko ulivyokaa na kanuni yako. Mama alilala mgonjwa chumba cha nyuma, nikakutumia ujumbe Jumanne pale gazetini ulipokuwa ukifanya kazi. Alikufa Alhamisi saa nne asubuhi. Wewe uliingia Jumamosi, tumeshamzika, ukasema ujumbe umekufikia Ijumaa. Alhamisi ile ulikuwa wapi? Nijibu hilo, ndipo tuzungumze habari za karatasi.

Dada yako, fundi



17 Machi

Dada,

Shikamoo. Wifi yako anakusalimu, anasema gauni la bluu ulilomshonea bado linamkaa vizuri. Watoto wako kwenye mitihani. Pole kwa ukuta; nitamwambia mtu.

Barua yako nimeisoma mara moja na imetosha. Sindano, bobini, mtoto chini ya meza. Sawa, nakubali yote. Lakini hujui kazi hii inavyofanyika, na sikulaumu, si kazi yako. Mwandishi hahitaji ishara iliyo sahihi, anahitaji ishara tu. Kelele zilipokatika niliusikia mstari wangu mwenyewe ukiwa peke yake chumbani, bila kitu cha kuufunika, na hapo nikajua kama unasimama au hausimami. Hata kama wewe ulikuwa unatambaa sakafuni, mimi nilipata nilichopata. Ukishona suti ikampendeza mtu, anakuuliza ulikuwa unawaza nini ulipotia kola?

Kuhusu Alhamisi. Riwaya si ushahidi wa mahakamani. Niliandika mwana anayefika kwa sababu msomaji alihitaji afike. Nina sanduku zima la barua za watu waliofunga kitabu kile wakapanda gari siku hiyo hiyo kwenda kuwaona mama zao. Hao nao utawauliza walikuwa wapi? Nilikwisha kukuambia, mara moja, mbele ya watu, siku ya Jumamosi ile. Karani wa gazeti aliukalia ujumbe ukanifikia Ijumaa. Sitalirudia tena, na nashangaa mtu mzima anafukua kaburi kwa sababu mdogo wake amemtaja vizuri redioni. Dada wengine wangefurahi.

Kurasa ni zangu. Mwandiko wangu, wino wangu, upuuzi wangu. Kitabu kinaingia mtamboni mwezi wa sita. Usipozileta nitaziandika upya kutoka kichwani. Zilikuwa mbaya kiasi kwamba hazisahauliki.

Na nakuomba uache kuniita jina lile. Alilitoa mama, na ruhusa ya kulitumia alikuwa nayo yeye peke yake.

Mdogo wako



2 Mei

Kwako Baadaye,

Mama hayupo. Ruhusa nimeirithi mimi, pamoja na kabati lake na magoti yake.

Marahaba. Mama Vifungo ameugua macho, kazi imerundikana. Mwanangu anaoa mwezi wa kumi na moja. Atakualika mwenyewe, mimi sikualiki. Mtu uliyesema utamwambia kuhusu ukuta hajaonekana. Barua yako niliiweka chini ya pasi wiki sita, kwa sababu kila nikishika kalamu yalikuwa yananitoka matusi, na sikutaka uyachape.

Sasa sikiliza, na leo hakuna mashine ya kukupigia kelele.

Alasiri uliyosoma zile kurasa kumi na nne nilikuwa nashona suruali za shule za kijivu. Mama alikuwa na miezi minne kaburini. Ukaanza. Kijana amekaa kwenye benchi la stendi, tiketi mfukoni, mama yake mgonjwa anamngoja, na gari linaondoka yeye akilitazama. Halafu la pili. Halafu la tatu. Kurasa zote zile kijana hapandi, na hukusema kwa nini hapandi wala pale benchini alikuwa akifanya nini. Ulisoma umeinama, sauti inakukatikakatika. Nilikuwa nimekupa mgongo lakini nilikuona kwenye kioo cha wateja.

Machozi yalinianza ukurasa wa pili. Ningeinua mguu kwenye kanyagio ungesikia ninavyolia, ungenyamaza, na sikutaka unyamaze. Nilitaka ufike mwisho, uinue uso, useme, dada, kijana huyu ni mimi. Nilikuwa nimeshakusamehe kabla ya ukurasa wa tano. Nilikuwa na maneno ya kukuambia, yamepangwa tayari. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu zangu zote ili isikike yenyewe, mimi nisisikike. Nilishona mguu mmoja wa suruali nikauziba. Nikauziba na wa pili. Nikawa nashona juu ya mshono niliokwisha kushona. Ulipomaliza ukasema, "Imekuchosha, eh?" Ukazikunjakunja karatasi, ukazitupa kwenye kikapu, ukaenda kutafuta chai. Jioni nzima nilifumua suruali za watoto wa watu na nikakuchukia, mdogo wangu, nasema ukweli, nilikuchukia.

Kesho yake ulikuja na sura nyingine. Hukuisoma kutoka kwenye daftari lako. Ulitoa karatasi zilizokunjwa mara nne, kingo zimechakaa, za siku nyingi. Ukasoma. Mwana anaingia, anakaa kitandani, anamshika mama yake mkono, mama anafumbua macho anasema, "Umefika." Hapo cherehani ikasimama. Mguu wenyewe ndio uliokataa. Niligeuka nikakutazama, nikijiuliza mtu anapata wapi uso wa kusoma hivyo mbele yangu, mimi niliyekuwa chumbani mama alipokufa. Wewe ukaona nimesimama, ukatabasamu, ukaweka alama pembeni kwa penseli. Hiyo ndiyo kanuni yako. Nilisimama kwa sababu ulikuwa unadanganya, na tangu siku hiyo umeandika ukitafuta watu wasimame.

Na hili hulijui. Asubuhi ile ya Alhamisi mama aliuliza, "Gari limefika?" Aliuliza mara nyingi mno. Mwishowe nikamwambia, "Limefika, mama. Yupo uani, ananawa uso." Akatulia. Akageuzia macho mlangoni, na ndivyo alivyokufa, anatazama mlango. Kwa hiyo uongo wa kwanza wa kufika kwako niliutunga mimi, na nimeubeba miaka yote hii bila kupewa tuzo. Nilimdanganya mama kwa ajili yako. Wewe umewadanganya watu wote kwa ajili yako vile vile.

Kurasa zako nilizitoa kikapuni, nikazinyoosha kwa pasi, nikazigandisha mbili mbili kwa gundi ya unga, nikazikata vipimo vya shati la shule: mgongo, kifua, kola, mikono. Kila mtoto wa mtaa huu aliyevaa shati langu amekatiwa kitambaa juu ya karatasi zile. Zimejaa chaki na matundu ya pini, lakini kwenye mkono wa kushoto bado panasomeka, gari la tatu likawashwa. Ukichapa hata mstari mmoja wa sura hiyo na kuuita maandishi yaliyokufa, nitakwenda kwenye redio yako hiyo hiyo na mkono wa shati, niwasomee na niwaeleze.

Alhamisi ile ulikuwa wapi? Safari hii niambie kwa kinywa chako. Cha kijana nilishakisikia.

Dada yako, fundi



20 Mei

Dada,

Barua yako imefika. Wifi yako hajambo. Watoto wamemaliza mitihani. Mpwa wangu amenialika harusini, nimemjibu kwamba nitaangalia ratiba yangu.

Mswada umekwenda kwa mchapishaji wiki iliyopita, pamoja na sura ya cherehani. Nafasi ya kurasa kumi na nne tumeiacha wazi na nitaijaza mwenyewe. Ukitaka kwenda redioni, nenda. Wataona fundi mwenye wivu ameshika kipande cha karatasi.

Tafadhali usiniandikie tena hadi kazi hii itakapokwisha.

Mdogo wako



30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sijui nikueleze nini kuhusu nyumbani kwa sababu sijapatazama. Wifi yako anasema nimekonda na kwamba najibu watu ambao hawajaniuliza kitu. Mwashi nimemlipa, atakuja Jumatatu. Asipokuja niambie, nitamfuata mwenyewe.

Mhariri ameniandikia mara nne kuulizia zile kurasa. Nilikuambia hazisahauliki. Nimekaa na karatasi nyeupe tangu mwezi wa tano, kila asubuhi, saa zile zile ninazowaambia vijana ndizo saa za kuandika. Benchi nalikumbuka. Gari la tatu nalikumbuka. Nikifika pale panapotakiwa kusemwa kijana alikuwa akifanya nini, mkono unagoma. Nimewafundisha watu vipindi sita jinsi ya kumaliza sura, na hii moja imenishinda mara mbili.

Barua yako ya Mei niliisoma siku ilipofika, nimesimama mlangoni. Nilichokujibu kilikuwa kibaya, na nilijua ni kibaya wakati naandika. Niliogopa.

Ujumbe wako ulinifikia Jumanne saa sita mchana. Karani alipanda nao ngazi mbio, akaja hadi kwenye meza yangu ya kusahihishia, akanitia mkononi akasema pole. Nimemsingizia miaka ishirini na miwili. Alistaafu akiwa bado ananisalimia kwa furaha kila tukikutana.

Jumatano asubuhi nilikuwa stendi, tiketi mfukoni. Gari lilikuwa bado linapakia mizigo. Nikakaa kwenye benchi, nikaanza kuwaza nitamkuta katika hali gani, nitasema nini, naye atasema nini. Nikatoa karatasi niyaandike nisije nikayasahau nikifika. Nikaandika naingia. Nikaandika nakaa kitandani. Ikaja, dada. Haijawahi kunijia vile, wala kabla wala baada. Gari likapiga honi nikasema nimalize ukurasa huu kwanza, nitapanda la baadaye. La mchana likaja, nikasema hivyo hivyo. Nilichukua chumba ng'ambo ya barabara, na Alhamisi asubuhi nilirudi benchi lile lile kurekebisha. Saa nne, saa uliyonitajia, nilikuwa nimefika pale mama anaposema, "Umefika."

Karatasi zilizokunjwa mara nne ni hizo. Zilikuwa kwenye mfuko wa shati langu siku ya Jumamosi nilipoingia kwako na ukanikumbatia. Nilihisi zinachakachika, nikaogopa umezisikia.

Hicho ndicho nilichokuwa nikifanya benchini. Nilikuwa namwandika mama akifa vizuri, huku mama anakufa. Kijana ni mimi.

Bado jambo moja, na hili ndilo limenichukua miezi mitatu. Umesema ulinitazama kwenye kioo cha wateja. Kioo kikikuonyesha mimi, nami kinanionyesha wewe. Nilipofika ukurasa wa nane niliinua macho mara moja tu. Ulikuwa unajifuta machozi kwa bega bila kuondoa mikono kwenye kitambaa. Nikayarudisha macho chini, nikasoma hadi mwisho, nikasema imekuchosha. Sikuzitupa zile kurasa kwa sababu cherehani ilikwenda. Nilizitupa kwa sababu nilijua kwa nini inakwenda. Kanuni yangu yote niliitunga baadaye, ili nisikumbuke hilo.

Nimemwambia mhariri aitoe sura ya cherehani. Anasema bila sura hiyo hakuna kitabu. Nimemwambia basi kisiwepo. Kurasa zibaki hapo ulipozikatia mashati, sizitaki tena. Siombi kusamehewa kwa barua. Naomba tu uniambie kwamba umeisoma hii.

Mdogo wako, Baadaye



14 Septemba

Kwako,

Marahaba. Mwashi alikuja Jumatano, si Jumatatu, lakini ukuta umeziba. Magoti ni yale yale. Mama Vifungo amepata miwani mipya, sasa anaona makosa yangu yote na anayataja mbele ya wateja.

Usije wiki hii wala wiki ijayo. Sitaki kukuona bado, na ukija nitasema maneno ambayo sitaweza kuyafumua. Yule karani mtafute. Usimwandikie, nenda kwa miguu yako umwambie usoni, na kama ni safari panda gari la kwanza. Harusi ni ya mwanangu na amekualika yeye. Ukienda, usiangalie ratiba.

Mwalimu alirudi kuuliza kama kitabu cha cherehani kimetoka. Nimemwambia hakitoki. Alitaka kujua sababu, nikamuuliza shule inahitaji mashati mangapi muhula ujao.

Umeuliza kama nimeisoma barua yako. Sikuisoma mwenyewe. Nilimpa Mama Vifungo anisomee kwa sauti, na mimi nikakaa kwenye cherehani, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyonizoesha kukusikiliza. Nilikuwa na koti la mteja, la kitambaa kizito cha kahawia. Alisoma polepole, tangu shikamoo hadi jina uliloweka mwisho. Alipofika stendi alinitazama juu ya miwani akataka kuacha, nikamwambia asome.

Cherehani haikusimama. Koti nimeliziba mikono yote miwili, na mwenyewe anakuja Ijumaa, kwa hiyo naishia hapa nianze kufumua.

Dada yako, fundi